Kufunga Mkoba

kwa Mebakari, binti wa ndugu yangu, Mtongwe

Mebakari, weka chini hicho kioo.
Mimi nadeki wadi ya wazazi mwaka wa kumi na moja huu,
nimeona mikoba ikifunguliwa
na wenyewe wakilia,
si kwa uchungu, kwa kukosa sabuni.

Leso nne. Zile kuukuu.
Mpya ina wanga, hainywi maji,
na damu haisomi jina la leso.
Ile ya kupendeza, uliyoichagua Marikiti siku nzima,
ifunge kando peke yake: hiyo ni ya kutokea.

Pamba, paketi mbili; ukiambiwa moja yatosha, kataa.
Beseni. Utacheka, beseni la nini,
hadi saa nane za usiku uone foleni ya kuazima la mwenzio.
Ndara za mpira, kwa kuwa ile sakafu naideki mimi
na naijua inavyoteleza.
Kadi ya kliniki, kitambulisho, kadi ya bima,
vitie kwenye kikoba cha zipu, juu kabisa,
visikuchimbishe mkoba mbele za watu.
Simu na chaja. Soketi inayofanya kazi ni moja,
nyuma ya kitanda cha sita;
mwenye kitanda umsalimu kwanza.

Wanja acha. Dhahabu acha, vua hata kipini.
Bibi yako atatia tende na kipande cha udi,
mwache atie. Udi hauwashwi wadini,
lakini mkoba utanukia kwenu,
na kuna saa utataka kunusa kwenu.

Sweta ya mtoto, usiogope.
Najua wasemavyo: usimshonee asiyefika.
Nunua moja. Ifue. Ianike ndani, majirani wasihesabu.

Sasa ya kutarajia.
Tarajia feri. Usingoje uchungu ushike kasi
ndipo umtume Masoud atafute tuktuk;
feri haina mkunga,
na mkifika katikati ya kivuko
hakuna wa kumwambia simama.
Tarajia kitanda cha wawili, mzungu wa nne,
nyayo za mtu wa Changamwe karibu na sikio lako.
Kesho yake mtakuwa ndugu.
Tarajia sista Mkamburi. Anafoka kama birika lililosahauliwa,
ila mikono yake nimeiona ikipokea,
na wangu ningempa.
Tarajia kusema maneno ambayo kwetu hukufunzwa.
Tarajia kuambiwa sukuma, kisha usisukume.
Hilo la pili ndilo gumu.

Mwaka juzi aliingia mmoja usiku wa mvua,
hana mkoba, hana leso, hana mtu.
Ngumi kaikaza. Sista akamwambia,
kunjua mkono nitafute mshipa.
Akakataa, akatoa mkono mwingine.
Tukadhani ni pesa.
Alfajiri mtoto alipolia, vidole vikaachia vyenyewe:
ufunguo wa nyumba,
meno yake yamejichora kiganjani.
Hatukumuuliza wa nyumba gani.
Nikampa leso niliyojifunga kiunoni.
Aliondoka na mtoto na ule ufunguo;
leso sijaiona tena, wala sijaidai.

Basi funga mkoba mapema, mwanangu,
uuweke nyuma ya mlango, uusahau.
Kufunga kwako kunaishia hapo.
Yaliyobaki huko ni kufungua:
kinywa, ngumi, wewe mwenyewe.

Zamu yangu ni ya usiku, wiki mbili za mwisho wa mwezi.
Ukiona mtu na ndoo ananung'unika peke yake,
usinipite.

Ah, na leso ziwe tano.